Mpini wa Vidole Vitatu

Tangu arudi kutoka Unguja, Suhail hakai. Huketi barazani kidogo, husimama, huzunguka nyumba, huenda mpaka kwenye minazi na kurudi, hufungua mlango wa jikoni akaufunga bila ya kuchukua kitu. Mimi nikipepeta mchele huzisikia nyayo zake nyuma ya ukuta, zikija na kuondoka, mpaka moyo wangu nao huanza kutembea na hali nimekaa kitako.

Ni mjukuu wangu. Mama yake, mwanangu wa kwanza, alifariki mtoto bado ananyonya, nikamlea hapa Chokocho mpaka akamaliza skuli na kwenda kujifunza useremala. Akapata kazi katika karakana moja ya mjini Unguja, akitengeneza milango na makabati, na kila aliyekwenda huko alirudi na sifa za mkono wake. Halafu mashine ya kupigia randa ikamkata. Mkono wa kulia, kidole cha shahada na kile cha kati, vikabaki vigutu viwili vifupi. Madaktari walimshona vizuri, Mungu awalipe, na mwenye karakana alimuuguza mpaka kidonda kikafunga. Lakini baada ya kupona hapakuwa na kazi pale ambayo mkono ule uliiweza, naye hakutaka kubaki akifagia maranda ya wenzake. Akapanda meli akarudi kwangu na begi moja.

Mbele za watu mkono ule alikuwa akiutia mfukoni. Mimi mwenyewe niliuona katika sala tu. Anapokaa attahiyatu, pale ambapo watu wote huinua kidole cha shahada, yeye alikuwa akiinua kile kigutu. Hakukosa hata mara moja. Nilikuwa nikitazama mkeka wangu nisije nikamfanya aone haya.

Siku moja akaja mwanangu Mjaka, mjomba wake. Mjaka anaishi Kojani na biashara yake ya dagaa humpeleka Tanga mara kwa mara. Alikuja na mtungo wa samaki waliokaushwa na habari aliyoiona njema: amemwombea Suhail kazi Tanga kwa mfanyabiashara anayemjua, kukaa kwenye mlango wa ghala, kuangalia magunia yanayoingia na yanayotoka. Kazi ya kivulini, haitaki mikono miwili. Alisema atakuja kumchukua Jumamosi ya pili, siku ya meli.

Najua Mjaka alihangaika mpaka kuipata nafasi ile. Hakusema, lakini viatu vyake vilikuwa vimechakaa kwa kwenda na kurudi.

Suhail hakusema ndiyo wala siyo mbele ya mjomba wake. Alipoondoka, akaja jikoni akasimama mlangoni.

"Bibi, mie nikenda kukaa mlangoni mwa ghala, sirudi tena kwenye mbao. Najijua."

Nikamuuliza ataka nini basi. Akazunguka nyumba mara moja, akarudi. Akasema akiweza kutoboa tundu moja tu la ulimi kwa mkono wake, kabla ya meli, atabaki. Asipoweza atakwenda na mjomba wake na hatalalamika. Tundu la ulimi ni lile shimo la pembe nne linalochimbwa kwenye mti wa fremu, ili mti wa pili uliochongwa kama ulimi uingie humo na kukaa bila kutikisika. Mlango wote unashikwa na hayo. Asiyeweza kuchimba tundu lile, alisema, si seremala.

Nikamwambia haya. Nikarudi kwenye mchele wangu, lakini tangu saa ile sikuweza kupepeta sawasawa.

Kwanza alijaribu kwa patasi aliyokuja nayo kwenye begi. Nyundo ya mbao aliuzoeza mkono wa kushoto, na haikumsumbua sana. Taabu ilikuwa mkono wa kulia, ule wa kushikilia patasi yenyewe. Mpini wake wa duara ulikuwa ukimzunguka kiganjani kila nyundo ilipotua, maana vidole viwili ambavyo vingeuzuia havipo tena. Makali yakageuka upande, mti ukachanika. Akajaribu kuufunga kitambaa, akaufunga mpira wa baskeli, ukazunguka vilevile.

Akaenda Chake Chake. Aliporudi alinisimulia kwamba alikwenda duka moja la vifaa vya ujenzi, akaomba kushika patasi moja baada ya moja, kila aina waliyokuwa nayo, na mwenye duka akamwachia azishike zote wala asimuulize kama atanunua. Hakuna iliyomkaa. Zote zimetengenezwa kwa mtu wa vidole vitano. Alipokuwa anatoka, yule mwenye duka akamwita akampa tupa kuukuu iliyokwisha meno, pana kama vidole viwili, akamwambia chuma chake ni kizuri, mwenye akili atatoa patasi humo. Mtu yule simjui, lakini namwombea dua.

Basi Suhail akaamua atajitengenezea patasi yake mwenyewe, bapa na mpini.

Alianza na mpini. Akauchonga wa mti wa mpera, na upande mmoja akauachia kitu kama sikio, kipande kinachotokeza nje, ili kiingie pale vidole visipokuwepo na kuuzuia usizunguke. Ulikuwa mzuri kuutazama. Pigo la kwanza la nyundo, sikio likaruka likaanguka majivuni. Akachonga mwingine kwa gogo la mfenesi, sikio likaruka vilevile. Mti una uzi wake, alinieleza, na pale ambapo sikio linatokeza uzi unakatika, hauna nguvu. Aliyasema hayo huku anatembea. Kila aliponieleza kitu ilibidi nigeuze shingo huku na huku kumfuata.

Ndipo akafikiria pembe. Alikwishaona huko Unguja mzee mmoja akitengeneza machanuo na miko kwa pembe za ng'ombe, akizipasha moto mpaka zikalainika kama ngozi mbichi, akizikunja anavyotaka, na zikipoa zinabaki hivyohivyo. Pembe haina uzi wa kukatika. Akarudi Chake Chake kwa wachinjaji, ambao pembe huzitupa, na mmoja wao akamchagulia jozi ya dume kubwa, nyeusi, nene, akamfungia kwenye kiroba.

Zilipikwa katika sufuria langu kubwa la pilau. Alinitazama kwanza kama nitakataa. Nikamwambia sufuria hilo limekwisha kupika mengi. Ilibidi zichemke mpaka ule mfupa wa ndani uachie, na harufu yake ni kama ya nywele zinazoungua, ikajaa mtaa mzima. Jirani yangu Mize, ambaye ni mfinyanzi wa vyungu na ulimi wake haulali, akasimama uani kwake akapaza sauti.

"Bi Tatu, leo wapika supu ya pembe? Na nyama yake kaila nani?"

Nikamwambia nyama kaila yeye, ndio maana kanenepa. Akacheka akaja kuangalia.

Suhail alipasua pembe kwa msumeno kwa urefu wake, akaipaka mafuta ya nazi, akaishika kwa koleo juu ya makaa, akiigeuza na kuigeuza. Ikilainika aliifungua kama mtu anayefunua kanga iliyokunjwa, akaibana baina ya mbao mbili na mawe juu yake. Kesho yake tulikuwa na ubao wa pembe, mweusi unaong'aa. Sasa alitaka kuukunja juu ya kiini cha mti, lakini kiini chenyewe kiwe na umbo gani? Hapo ndipo alipokwama. Alitaka mpini ulingane na mkono wake kama ulivyo sasa, na mkono wake hakuwa amewahi kuutazama sawasawa tangu ukatwe.

Nikampa donge la unga wa chapati alibane. Alilibana, lakini kabla hajaliweka chini lilikuwa limeshalegea na kusahau vidole vyake. Mize akatikisa kichwa. Akaenda kwake akarudi na udongo wa kufinyangia, uliokwisha kukandwa, akaketi mbele ya Suhail.

"Lete mkono."

Suhail akatoa wa kushoto. Mize akamtazama tu. Alikaa vile kwa muda, udongo mapajani, na mwanamke yule ambaye hupiga domo hata akiwa peke yake hakusema neno. Mwisho Suhail akautoa mkono wa kulia mfukoni.

Mize akaushika, akaulowesha maji kwa kiganja chake kama anavyolowesha chungu kabla ya kukilainisha, akapitisha vidole vyake juu ya vile vigutu pole pole, akaweka udongo.

"Una mkono mkubwa kama wa babu yako," akamwambia. "Bana."

Akabana. Alipofungua tukaona. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejichimbia kidogo tu, lakini gumba lilikuwa limezama ndani kabisa, kama ndilo lililobeba kazi ya mkono wote. Na pale vigutu vilipoegemea palikuwa na vishimo viwili, kama macho ya kitoto. Suhail alivitazama sana. Hakusimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kumwona akikaa mahali pamoja mpaka chai ikapoa.

Udongo ukakauka kivulini, akaunakili kwa mti wa mpera, akazungushia ubao wa pembe ulio moto, ukingo wake mmoja akiukunja nje uwe sikio, na kuufunga kwa mshipi wa kuvulia, duru juu ya duru. Mara mbili pembe iliungua na kupata mapovu, akaanza upya. Mara moja alikaza kwa haraka ikapasuka. Mimi nilikuwa nikipuliza makaa na kusoma usoni mwake. Jumamosi ilikuwa inakaribia, naye alikuwa ameacha kula chakula cha mchana, anatafuna kipande cha muhogo huku amesimama.

Mpini ukatoka. Niliushika mimi, haukunikaa hata kidogo, lakini aliposhika yeye ulipotea mkononi mwake. Sikio la pembe liliingia pale penye pengo, na vigutu vikaketi kwenye vishimo vyao. Akaupiga nyundo ukiwa mtupu, akaupiga tena kwa nguvu. Haukuzunguka. Haukuvunjika.

Likabaki bapa.

Ile tupa aliipasha mpaka ikawa nyekundu, akaifukia kwenye majivu ipoe taratibu usiku kucha, ili ilainike aweze kuikata na kuinoa. Akatoa humo bapa la patasi, akalipa umbo. Sasa lilitaka kutiwa matiko, yaani kurudishiwa ugumu wake, lipate kukata. Aliniambia namna yake: unalipasha mpaka liwe jekundu kama embe bivu, unalitumbukiza majini mara moja, halafu unalipasha tena kidogo kidogo mpaka lipate rangi ya asali. Akaniambia kazi hii ina miiko yake. Maji yasiwe ya bahari, kwa sababu maji ya chumvi hukipoza chuma kwa pupa, kikapasuka. Fundi wake alikuwa akiwaonya hivyo kila siku.

Akateka ndoo ya maji ya kisima chetu. Makaa ya vifuu, pampu ya baskeli ya kupulizia, bapa likawaka. Akalitumbukiza. Maji yakalia, na ndani ya mlio ule nikasikia mlio mwingine mdogo, ting, kama kikombe kinachopata ufa. Alipolitoa lilikuwa limepasuka kutoka kwenye makali mpaka katikati.

Alisema amelipasha kupita kiasi. Akakata jingine kwenye kipande cha tupa kilichobaki, kutwa nzima ya Jumatano, mkono mmoja umeshika na mwingine umenoa. Alhamisi asubuhi akalipasha kwa uangalifu zaidi, jekundu kidogo tu. Akalitumbukiza. Ting.

Aliweka koleo chini, akatoka uani, akarudi, akatoka tena. Kwenye tupa kilikuwa kimebaki kipande kifupi, kipana kama kidole kimoja, cha patasi nyembamba moja tu. Akaniambia nimfulie zile suruali mbili nzuri, atazihitaji Tanga. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Nikachukua zile suruali. Nilikuwa nimeziloweka kwenye beseni, Mize amekaa kwenye kinu amejishika tama, aliposema hodi Mwalimu Skolastika.

Mwalimu Skolastika anafundisha skuli yetu. Ni Mkristo, kwao Kigoma, kapanga chumba nyumba ya pili kutoka kwangu. Karibu kila siku akitoka skuli hupita kwangu, nami humpa chai, na yeye huinywa mpaka tone la mwisho, husema chai yako nzuri, Bibi. Jambo moja tu lilikuwa likinishangaza, sukari. Hutia vijiko juu ya vijiko. Nilidhani ndivyo walivyo watu wa bara.

Siku ile aliona nyuso zetu, akauliza kuna nini. Mize akamsimulia yote, mpini, tupa, ting ya kwanza na ting ya pili, na kwa kila ting akapiga kinu kwa kucha. Mwalimu akalichukua bapa lililopasuka akalitazama. Akamuuliza Suhail kama kuna sababu yoyote anayoijua ya chuma kupasuka hivi. Suhail, bila hamu, akamjibu kwamba sababu ni moto kuzidi, au chuma kibaya, au maji ya chumvi.

Mwalimu akainamisha kichwa. Niliona shingo yake inataka kusema na mdomo unakataa.

"Na haya uliyotumia ni ya kisima hiki?"

"Ya hiki hiki."

"Bibi, unisamehe," akasema, akinigeukia mimi badala ya Suhail. "Maji haya yana chumvi."

Mize akainuka kutoka kwenye kinu. Akasema kisima hiki kilichimbwa na baba yake mkwe, na maji yake ni matamu tangu hapo, watu walikuwa wakija kuyafuata kutoka mbali. Akachota kwa kata, akanywa, akasukutua, akameza. Akasema yeye haisikii chumvi yoyote, maji ni maji. Nikanywa na mimi. Maji yalikuwa maji. Maji yangu ya kila siku.

"Sie twaishi hapa, mwalimu," Mize akasema. "Ingekuwapo chumvi tungeijua."

"Bi Mize, mimi nimelelewa ziwani. Kila kikombe naisikia."

Suhail akasema taratibu kwamba siku ya kwanza aliporudi alisikia kitu kwenye chai, akadhani ni dawa za hospitali zimemharibu ulimi. Baada ya siku chache hakusikia tena. Akatazama upande wa mabonde ya mpunga, ambako miaka hii bahari huingia wakati wa bamvua, maji yajaapo sana, na wenyewe tumekwisha kuyaacha mashamba ya chini kwa sababu mpunga hauoti. Mpunga tulijua. Kisima, kidogo kidogo kama kilivyobadilika, tulibadilika nacho.

Mimi mawazo yangu hayakuwa kwenye chuma. Nilikuwa nafikiria vile vikombe vya chai. Tangu ahamie hapa, kila alasiri, chai ya chumvi, mpaka tone la mwisho, na chai yako nzuri, Bibi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambiaje?" akasema. "Wewe ulikuwa unanikaribisha."

Mize akacheka mpaka akajishika kiuno. "Maskini mwalimu, kumbe ndio maana twamaliziwa sukari." Hata Suhail akatabasamu, kisha kama aliyekumbuka kitu akakimbilia jikoni kukitafuta kile kipande cha mwisho.

Maji matamu yalikuwapo kwenye tangi la mvua la skuli. Mwalimu hakumwachia mtu kazi ile. Alichukua baskeli na dumu, akarudi jua likiwa bado juu, sketi imelowa upande mmoja.

Bapa la tatu lilikuwa jembamba na Suhail hakuharakisha. Alilinoa Alhamisi yote iliyobaki na Ijumaa asubuhi. Baada ya sala ya Ijumaa akawasha makaa. Tulikuwapo sote watatu, mimi, Mize na mwalimu. Bapa likaiva. Akalitumbukiza kwenye maji ya mvua. Maji yakalia, tukasubiri ule mlio mwingine. Haukuja. Akalitoa, akaligeuza juani, akapitisha tupa nyingine juu ya makali, tupa ikateleza kama juu ya kioo. Akalipasha tena pole pole mpaka rangi ya asali ikatambaa kutoka shinani, akalizima. Akalitia kwenye mpini wake wa pembe, akaligonga likakaa.

Usiku ule sikulala vizuri. Patasi ilikuwa imepatikana, lakini tundu halijachimbwa, na Jumamosi ndiyo hiyo.

Baada ya sala ya alfajiri alikwisha kukaa kwenye ukumbi wa jikoni na kipande cha mfenesi mbele yake. Alikwisha kuchora mistari. Nilipika maandazi ya safari, kwa sababu sikujua, na mtu asiyejua hujiandaa. Nilikuwa nikihesabu mapigo ya nyundo bila kutaka, na kila yaliponyamaza mkono wangu ulisimama juu ya mafuta. Pigo moja lilitoka vibaya, nikasikia mti unachanika. Kisha akageuza ule mti, akachora upya upande wa pili, akaanza tena.

Mjaka alifika tungali hatujanywa chai. Alisalimu, akanibusu mkono, akauliza mzigo uko wapi. Nikamwonesha begi, suruali zimekunjwa juu yake. Akatoka nyuma akamkuta mpwawe amepiga magoti, mkono wa kulia hadharani, maranda yametapakaa mpaka kwenye miguu ya kuku. Suhail hakuinua uso. Alimsalimia mjomba wake huku akipuliza vumbi ndani ya tundu. Akachukua ule mti wa pili, wenye ulimi, akauweka mdomoni mwa tundu, akaugonga kwa kiganja. Ukaingia nusu, ukakataa. Akautoa, akakwangua ukuta mmoja, unyuzi mdogo tu, akaurudisha. Akaugonga. Ukaingia mpaka mwisho. Akaishika ile miti miwili akaitikisa kwa nguvu zake zote. Haikucheza.

Akaiweka chini. Akangoja mjomba wake aseme.

Mjaka aliinama akaokota patasi. Aliishika kama mtu yeyote anavyoshika patasi, lakini haikushikika. Sikio la pembe lilimgonga kwenye vidole, akaigeuza, likamchoma kiganjani, akaigeuza tena. Yeye pia ujanani alipiga useremala wa ngalawa huko Kojani, kushika chuma si jambo geni kwake. Akajaribu kuipiga nyundo ikamponyoka ikaanguka.

"Nani atatumia kitu kama hiki?" akauliza.

"Mie, Mjomba," akasema Suhail. "Sijui kama kuna mwingine."

Mjaka akaiokota mara ya pili. Akautazama ule mpini, vile vishimo viwili, lile shimo refu la gumba. Akautazama mkono wa mpwawe. Kisha nikamwona anakunja kidole chake cha shahada na cha kati, anavibana kabisa ndani ya kiganja, na kwa vidole vitatu vilivyobaki akaushika mpini. Ukakaa. Akakaa hivyo kidogo, vidole vyake vimekunjwa. Akachukua nyundo kwa mkono wa kushoto, akapiga pigo moja la kiasi kwenye kipande cha mti kilichobaki, na randa jembamba likajiviringa likaanguka.

Akamrudishia patasi, akitanguliza mpini.

Alikuja jikoni akanawa mikono, akaketi kwenye kibao, akanywa chai yangu bila kusema kitu kuhusu ghala wala kuhusu Tanga. Alipomaliza alitazama saa yake, akasimama, akaanza kufunga viatu.

"Mama," akasema, "maandazi nifungie ya mtu mmoja."